Ukisikia Unasemwa Mtaani: Mwongozo Kamili wa Kukabiliana na Umbea na Uvumi

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hapa Kigoma hawaingii ziwani. Mwezi ukiwaka, taa za mitumbwi hazivuti samaki, kwa hiyo kwa wiki nzima hivi mwalo wa Kibirizi unalala. Chanja za kuanikia dagaa ziko tupu, wanaume wanashona nyavu, wanawake wamekaa kivulini wanasukana. Ukitaka kuona umbea unavyozaliwa, njoo wiki hiyo.

Ndiyo wiki niliyosemwa mimi. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha kuweka akiba, wanawake 24, wengi wauza dagaa na mawese. Nilikuwa nimetoka kuezeka upya jiko langu kwa bati 8. Siku ya tatu binti wa jirani akaniambia, huku anaangalia pembeni, "Mama, wanasema bati zako ni sanduku." Maana yake nimeezeka kwa hela za kikoba.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nilikaza kitenge, nikatoka, nikaenda mlango kwa mlango kuuliza nani kasema. Asubuhi maneno yale yalikuwa kwa watu sita au saba. Jioni yalikuwa yamefika Mwanga sokoni, na aliyeyafikisha ni mimi, kwa miguu yangu mwenyewe.

Yafuatayo ni niliyojifunza baada ya hapo. Hayatakufundisha kuukomesha umbea. Anayekuahidi hilo anakuuzia hirizi.

Hatua ya 1: Jua kilichokupata

Kiswahili kimetupa majina mengi kwa mambo haya, na kila jina lina dawa yake. Kusengenywa ni kusemwa usipokuwepo, mara nyingi kwa jambo ambalo kweli unalo. Uzushi ni kupachikwa usilo nalo. Tetesi ni habari ambayo haijathibitishwa, na huenda kesho ikawa kweli. Majungu hupikwa: kuna mtu anataka kitu chako, iwe cheo, meza ya sokoni au mume, na maneno ni kuni zake.

Ukisengenywa kwa deni unalodaiwa kweli dukani, usipoteze muda kukanusha. Kalipe. Tetesi inataka taarifa, uzushi unataka ushahidi unaoonekana, na majungu yanataka mashahidi. Nimeona watu wakikosea hapo tu, mtu anabishana na tetesi kama vile ametukanwa, au anaipuuza fitina akidhani ni porojo za bombani.

Wala sisemi umbea wote ni uchafu. Ni kwa umbea nilijua boti gani inazidisha abiria, na nani anakopa kisha anahama nyumba usiku. Mtaa ambao watu hawasemani ni mtaa ambao tapeli anaishi kwa raha.

Hatua ya 2: Usitoke siku hiyohiyo

Lala nayo. Hasira ya siku ya kwanza inakufanya useme neno ambalo litakuwa habari mpya kuliko ile ya mwanzo. Mwambie mtu mmoja tu wa ndani, mume, dada, shangazi, kisha endelea na shughuli zako mbele za watu kama kawaida. Ukijifungia ndani, watasema umejificha.

Kuna uvumi ambao hausubiri asubuhi. Huo nitaufikia.

Hatua ya 3: Mhoji mleta habari, taratibu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mleta habari hakuletei maneno, anakuletea alivyoyaelewa, akiongeza chumvi na kupunguza yanayomgusa yeye. Kesho yake jirani yangu alikuja, akakaa kwenye kigoda, tukawa tunachambua dagaa kutoa mchanga.

"Shoga, we acha tu. Watu wanasema maneno mazito."

"Watu gani?"

"Si watu tu, wa huku mtaani."

"Uliyasikia kwa masikio yako, au umeletewa?"

"Nilipita bombani nikawakuta wanaongea."

"Walikuwa wangapi?"

Akasita, mkono ukabaki kwenye ungo. "Wawili."

"Walisema nimeiba, au waliuliza hela ya bati imetoka wapi?"

"Mmh. Kusema kweli, waliuliza."

"Na wewe ulisemaje?"

Alisimama akasema ameacha maharage jikoni.

Angalia kilichotokea. "Watu" wamekuwa wawili. Wizi umekuwa swali. Na swali la mwisho limenionyesha kwamba jirani yangu alikuwa kwenye mazungumzo, si mpita njia. Aliyekutetea atakueleza alivyokutetea kabla hujamuuliza. Usimgombeze kwa hilo, wewe jua tu kwamba utakachomwambia leo kitafika bombani.

Maswali ni hayo manne, uyashike kwa mpangilio: Uliyasikia mwenyewe? Walikuwepo wangapi? Neno lenyewe lilikuwa lipi, kama lilivyotamkwa? Na wewe ulisemaje? Yaulize mkono ukiwa kazini, kwa sauti ya kawaida. Ukimkazia macho atakumbuka maharage mapema zaidi.

Neno halisi lina uzito kuliko unavyodhani. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walimpa mtu picha aieleze kwa mwenzake, naye amweleze mwingine, hivyo hivyo. Ilipofika kwa mtu wa tano au wa sita, karibu asilimia 70 ya maelezo yalikuwa yamepotea, na yaliyobaki yalikuwa yamenolewa ili hadithi ikae vizuri mdomoni. Kwa hiyo ukiletewa maneno ya mkono wa nne, unachokijibu ni mabaki.

Uliza pia aliyeanzisha anapata nini. Sisi watu wa Ujiji tuna mfano wetu mkubwa. Livingstone, yule ambaye Stanley alimkuta Ujiji Novemba 1871, alikuwa ameshazushiwa kifo miaka mitano kabla. Mwaka 1866 wapagazi wake kutoka Anjouan walimkimbia njiani, wakarudi Zanzibar na kueleza kwamba ameuawa karibu na Ziwa Nyasa. Kisa kilikuwa na kila kitu, mahali na namna alivyouawa. Kilikosa ukweli tu. Walikuwa wanadai mishahara, na kama mzee yule alikuwa hai basi wao ni watoro. Mwaka uliofuata Mwingereza mmoja, Edward Young, alitumwa kuchunguza. Hakubaki pwani kubishana nao. Alikwenda hadi maeneo ya Nyasa, akawauliza watu waliomwona Livingstone akipita salama baada ya siku hiyo ya "kifo", na uzushi ukafa. Stanley naye alipoteremka Ujiji alikuwa anafuata fununu kwamba kuna mzee mzungu kando ya ziwa. Safari hiyo fununu ilikuwa kweli.

Hatua ya 4: Tafuta pengo, uache kutafuta mdomo

Kama utachukua hatua moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hii.

Swali "nani kasema?" halina mwisho. Kila mdomo utakuelekeza kwa mwingine, na mwishoni utakuwa umegombana na mtaa mzima huku uvumi uko palepale. Swali lenye faida ni hili: watu hawakujua nini, hata wakajijazia wenyewe? Allport na Postman walisema uvumi unahitaji vitu viwili, jambo liwe muhimu kwa watu na habari zake ziwe na giza. Ondoa kimoja, hauna pa kukaa.

Nilikaa nikahesabu. Jambo lilikuwa muhimu, ni akiba za wanawake 24, ada za watoto na mitaji ya dagaa. Na giza lilikuwepo, tena mara mbili. Giza la kwanza: sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, nami si mmoja wao. Mshika ufunguo mmoja alikuwa amekwenda msibani Kasulu, akakaa huko wiki tatu. Wiki tatu sanduku halikufunguliwa, hela hazikuonekana, na hakuna aliyewaeleza wanachama wote kwa nini. Giza la pili: bati alinitumia kaka yangu anayefanya biashara ya chumvi Uvinza, na lori lilizishusha saa nne usiku. Asubuhi watu wameamka, mweka hazina ana bati mpya na sanduku halifunguliwi.

Mimi mwenyewe ningekuwa bombani siku ile, ningeuliza.

Chukua karatasi au kaa tu ufikiri. Andika kile wanachosema, na chini yake andika walichokiona kwa macho. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo pengo lako lilipo. Wakisema binti yako ana mimba, walichoona ni kwamba haendi shule. Wakisema mumeo amekukimbia, walichoona ni kwamba hajapita hapo tangu mfungo.

Hatua ya 5: Amua kama inafaa kujibu

Mengi hayafai. Kipimo changu ni hiki: yanagusa riziki yangu, nyumba yangu au usalama wa mtu? Kama hayagusi kimojawapo, yaache. Mwezi ukipungua wavuvi wataingia ziwani, dagaa watakuja, midomo itakuwa na kazi.

Kuhusu kujibu kwa kanga, najua utamu wake. Unanunua yenye jina lenye mwiba, unapita nayo polepole mbele ya mlango wa mtu. Siku hizi wengine wanaweka kwenye status ya WhatsApp, fumbo na emoji ya nyoka. Tatizo la fumbo ni kwamba linawachoma watu kumi ambao hawakuhusika, kila mmoja anajiuliza kama ni yeye, na mlengwa anaweza asilitambue kabisa. Kanga nzuri inafaa arusini. Kwenye jambo la hela, sema wazi.

Hatua ya 6: Jaza pengo kwa kitu kinachoonekana

Kukanusha ni maneno dhidi ya maneno, na ya kwao yana ladha zaidi. Onyesha.

Niliongea na mwenyekiti wa kikoba, tukampigia simu mwenzetu wa Kasulu, akampa dereva wa basi ufunguo kwenye bahasha iliyofungwa. Tukaitisha kikao siku yetu ya kawaida, saa yetu ya kawaida. Hilo la kawaida ni muhimu, maana kikao cha dharura chenyewe kingekuwa habari. Sanduku likawekwa katikati ya mkeka, kufuli tatu zikafunguliwa, hela zikahesabiwa kwa sauti na watu wawili ambao si viongozi, kila mwanachama akalinganisha na mihuri ya hisa kwenye kitabu chake. Hesabu ilikubali hadi shilingi ya mwisho.

Nilichosema kilikuwa kifupi: "Wenzangu, wiki tatu hatukufungua sanduku kwa sababu mshika ufunguo yuko msibani, na viongozi tulikosea kutowaeleza. Kuanzia leo, ufunguo ukisafiri, ujumbe unakwenda kwa kila mtu siku hiyohiyo. Na bati zangu katuma kaka yangu wa Uvinza, anayetaka kuziona karibu chai."

Nilianza na jambo la kweli. Sikutamka neno wizi, kwa sababu ukisema "mimi si mwizi" linalobaki kichwani mwa msikilizaji ni mwizi. Nilikiri kosa lililokuwa letu. Sikumtaja mtu wala kutupa jicho kona yoyote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Wanne walikuja kunywa chai. Mmoja aligonga bati kwa kidole.

Hatua ya 7: Kumwendea mhusika, kama kuna haja

Mara nyingi ukishajaza pengo haja inaisha. Kama bado unakutana naye kila siku na moyo unachemka, mwendee. Nenda kwake, si mwaloni wala sokoni. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili, shangazi au mama wa makamo, na umwombe akae kimya. Nenda alasiri, kazi zimetulia na mume wake hajarudi.

Usianze na tuhuma. "Dada, nimekuja kwako kwa sababu tunaishi vizuri. Kuna maneno yamenifikia kuhusu mimi na kikoba. Kama kuna jambo lilikutia shaka, naomba uniulize mimi." Basi. Atakana, karibu wote hukana. Pokea kukana kwake: "Nashukuru kusikia hivyo. Basi ukiyasikia mahali, nisaidie kuyarekebisha." Umempa mlango wa kutokea na kazi ya kufanya. Ukimbana hadi akiri mbele ya shahidi, umejipatia adui wa kudumu.

Akiendelea kwa makusudi, au akikutukana hadharani, kuna mjumbe, kuna mwenyekiti wa mtaa, na Baraza la Kata kwa usuluhishi. Andika tarehe, maneno na waliokuwepo. Fika na mashahidi wako wakiwa tayari wamekubali kusema. Shahidi wa kukokotwa husahau kila kitu akifika mbele ya meza.

Uvumi wa kwenye simu

Huu una mwendo wa upepo wa ziwa. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kila wiki ujumbe mpya ulinifikia wenye tarehe mpya ya kufunguliwa. Wapo walionunua mafuta ya injini kwa tarehe ya uongo. Waliomuuliza afisa uvuvi au mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo wao hawakupoteza kitu.

Kabla hujasambaza, tazama juu ya ujumbe. Ukiona mishale miwili, umepitia mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuzuia kuusambaza ujumbe wa aina hiyo kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa mara moja. Sauti ya mtu asiyejitaja jina ni umbea wa bombani tu, hata kama anaongea kama mtangazaji. Habari ya serikali ina ofisi, tarehe na jina la cheo, na unaweza kwenda kuiuliza.

Ujue pia kuna sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya watu. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ukiwa wewe ndiye uliyechafuliwa, piga picha ya skrini yenye namba na saa kabla mtu hajafuta.

Uvumi usiosubiri asubuhi

Mzee akianza kutajwa uchawi, hatua zote za juu ziweke kando. Hapo hakuna kulala nayo. Huko Tabora na Shinyanga bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na mara nyingi macho hayo wameyapata kwa moshi wa jikoni miaka 40. Huku kwetu baadhi ya vijiji huwaita kamchape, waganga wanaodai kutambua wachawi, waje "kufichua", na wakishafika kijiji hakina amani tena.

Mwondoe mzee siku hiyo, apelekwe kwa ndugu mbali na kijiji, bila kutangaza anakokwenda. Mwambie mtendaji wa kijiji, piga polisi 112. Usiitishe mkutano wa kumtetea, mkutano ndio utakaokusanya vijana. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi ya tangu 1928, nayo bado ipo. Mwambie hivyo anayetaja, ana kwa ana, akiwa peke yake. Wengi hawajui.

Vivyo hivyo mgeni akiitiwa mwizi wa watoto. Pata watu wazima watatu wakae naye mpaka polisi wafike.

Na kama msemaji ni wewe

Tumekuwa wote. Ukikuta anasemwa mtu asiyekuwepo, si lazima uhubiri. "Huyo tumsubiri aje mwenyewe," kisha uliza bei ya mawese. Kama maneno yalishatoka kwako na si kweli, rudi kwenye masikio yaleyale uliyoyalisha, moja baada ya jingine. Kuomba radhi kwa uliyemsema huku wasikilizaji wako wamebaki na uongo ni nusu ya kazi.

Juzi mbalamwezi imeshika tena. Nasikia nahamia Mpanda, tena nyumba nimeshapata. Nimetafuta pengo nikalipata: nilionekana stesheni asubuhi na mapema, nikiwa na masanduku. Yalikuwa ya asali, nimeletewa na treni kutoka Tabora. Nimeyaacha maneno yaende. Wanaokuja kununua asali wanaiona hapa hapa Kigoma, na wengine wanakuja kuaga.